Gitaa la pili: Jinsi wanamuziki wa Kitui na Makueni walivyozoea kupiga na wasiokuwepo

Ukitaka kuitambua benga ya Wakamba katikati ya benga nyingine za Kenya, usimfuate mwimbaji. Tega sikio kwenye gitaa la pili. La kwanza hushika kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, kwenye sauti za chini. La pili hupanda juu na kutiririsha noti nyepesi za haraka, zikizunguka bila kuchoka na kupita katika kila nafasi iliyoachwa na besi, ngoma na mwimbaji. Likitolewa, wimbo hubaki na mashimo.

Mgawanyo huo wa kazi una umri wa karibu nusu karne, na ndio unaoeleza kwa nini muziki huu umeingia kwenye simu bila taabu. Mpiga gitaa wa ridhaa aliyeko mjini Wote, Makueni, anaweza kurekodi mzunguko wa kodi tatu akiwa nyumbani kwake na kuutuma kwa WhatsApp. Mwenzake wa Mwingi, Kitui, huusikiliza, akaongeza gitaa lake la juu, na besi ikatoka kwa ndugu yao aliyehamia Nairobi. Wapenzi wa bluzi wa Marekani na Ulaya wana desturi hiyohiyo: mmoja hutoa msingi wa vipimo 12, wengine hupokezana kupiga juu yake, kila mtu kwao.

Wengi hudhani kupiga na mtu asiyekuwepo kumeletwa na intaneti. Historia ya gitaa Ukambani inasema vingine. Tangu siku za gramafoni, kijana wa huku amejifunza kazi yake kwa kujibizana na watu ambao hajawahi kuwaona.

Sauti zilizowatangulia wenyewe

Reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, inapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, katika Kaunti ya Makueni ya leo. Vijana waliipanda kwenda kutafuta kazi mjini na pwani, wakarudi na vitu vya mjini, gramafoni zikiwemo. Jeshi nalo lilifungua njia. Wakamba walikuwa wengi katika King's African Rifles, na mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana mbali kabisa, huko Burma. Vita vilipoisha mwaka 1945, baadhi yao walirudi na akiba ya mshahara pamoja na hamu ya muziki waliousikia kambini. Gitaa likaanza kuonekana mahali ambapo awali sherehe ilikuwa na ngoma na sauti za watu tu.

Mwalimu hakuwepo. Kilichokuwepo ni santuri. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alimrekodi kijana mmoja huko Jadotville, mji wa Kongo unaoitwa sasa Likasi. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, na wimbo wake “Masanga” ulisambazwa na kampuni ya Gallo kwa nembo ya Gallotone. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada: gumba likitembeza besi, cha pili kikichora wimbo, mtu mmoja akisikika kama wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja Nairobi, akasikika redioni na kuimbia tangazo la dawa ya Aspro. Kwa kijana aliyekuwa na gitaa kavu kijijini, santuri ya Mwenda ilikuwa somo na pia mwenzi wa kupiga naye. Aliyeshindwa kuiga sauti zote mbili angeweza kuchukua moja na kumwachia Mwenda nyingine.

Bluzi yenyewe ilikuwa imeshafika Kenya kwa njia hiyo. Mwaka 1950, Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis katika Bonde la Ufa wakimwimba kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu nusu mnyama. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, Mzungu wa Mississippi aliyechanganya bluzi ya Wamarekani weusi na uimbaji wa kupasua sauti, na aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimewatangulia hata wale ambao wangeweza kueleza yeye ni nani. Wasichana wakampokea mgeni asiye na mwili na kumtungia wimbo. Kisa hicho si cha Ukambani, lakini kinaonyesha gramafoni ilivyofanya kazi katika koloni zima: ilileta sauti, ikamwachia msikilizaji ajaze yaliyobaki.

Kutoka Kilimambogo hadi Mbooni

Benga ilizaliwa upande wa Ziwa Victoria, miongoni mwa Waluo, ikakomaa katika miaka ya 1960. Miaka ya 1970 ilipoanza, ilikuwa inawaka nchi nzima, na makabila mengine yakaichukua kwa lugha zao. Wakamba waliipokea, wakaongeza lile gitaa la juu.

Bendi tatu ndizo zilizoutangaza mtindo huo. Kakai Kilonzo aliongoza Kilimambogo Brothers, jina lililotokana na mlima ulio upande wa Machakos, karibu na Thika. Aliimba pia kwa Kiswahili, na uamuzi huo ukampa wasikilizaji mbali na Ukambani hadi kifo chake mwaka 1987. Peter Mwambi na Kyanganga Boys walikuwa na ngoma nzito isiyobembeleza mtu, juu yake solo ndefu za gitaa. Kalambya Boys, chini ya Onesmus Musyoki na Joseph Mutaiti, waliwaleta Kalambya Sisters, wanawake wenye sauti nyembamba ambao “Katelina” yao ya miaka ya 1980 ilifika hadi maduka ya Ulaya. Lower Mbooni Boys nao walibeba jina la vilima vya Mbooni, Makueni.

Mazingira ya kazi yaliamua umbo la muziki. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mara nyingi ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulisimulia kisa. Ukigeuza, magitaa yalipewa nafasi. Studio zilikuwa Nairobi, na bendi ilisafiri huko ikiwa imeshafanya mazoezi ya kutosha, maana saa za studio zililipiwa.

Wapenzi wa bluzi wataona hapa kitu wanachokifahamu. Mwaka 1941, Alan Lomax alimrekodi Muddy Waters katika shamba la pamba la Stovall, Mississippi, na Waters akasikia kwa mara ya kwanza sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye mashine. Mwaka 1943 alihamia Chicago, na huko akashika gitaa la umeme ili asikike katika kelele za baa. Kijana wa Kitui aliyehamia Nairobi alikutana na kelele hizohizo, akapata jibu hilohilo.

Sindano, kanda na betri

Aliyebaki kijijini alisoma kwa sindano ya gramafoni. Aliirudisha nyuma mara nyingi mpaka santuri ikakwaruzika. Wapiga gitaa wa nchi nyingi walijua ujanja mwingine: santuri ya mizunguko 45 ikichezwa kwa 33, muziki hupungua kasi kwa robo na sauti hushuka takriban nusu-toni tano. Noti zilizokuwa zikikimbia hutembea, na sikio likazikamata. Hapo gitaa la pili la Wakamba, lililosikika kama maji, hufunguka na kuonekana ni vidole vya mtu.

Kanda za kaseti zilibadilisha mambo zaidi. Redio-kaseti ya betri haikuhitaji umeme, na katika kaunti kama Kitui, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, nyaya za stima zilichelewa sana kufika vijijini. Kikubwa zaidi, kaseti iliweza kurekodi. Mwenye mashine mbili aliweza kuucheza mdundo kwenye moja, akapiga gitaa juu yake na kuyanasa yote kwa nyingine. Ubora ulishuka kila mara kanda iliponakiliwa, na mngurumo ukazidi, lakini kanuni ni ileile ya leo: sauti ya jana inasubiri sauti ya leo.

Kaseti hiyohiyo iliwaumiza wanamuziki. Kanda bandia zilijaa sokoni, na kufikia miaka ya 1990 biashara ya santuri ilikuwa imekwisha. Bendi zilipungua watu, kinanda cha umeme kikachukua kazi ya mpiga ngoma na wakati mwingine ya besi. Gitaa halikufa. Vituo vya redio vya Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM viliupa muziki wa nyumbani nafasi kwa saa nyingi za siku, na majina kama Ken wa Maria, Kativui na Maima yakawakusanya vijana upya.

Sehemu 30 za elfu ya sekunde

Mwaka 2009 nyaya mbili za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na intaneti ya Kenya ikaanza kuwa ya kasi na nafuu. Ilionekana kwamba wanamuziki wangepiga pamoja moja kwa moja, mmoja Mutomo, mwingine Kibwezi. Fizikia ikakataa. Wapiga muziki hupoteza mpigo sauti inapochelewa kwa zaidi ya takriban sehemu 30 za elfu ya sekunde, muda ambao sauti hutumia kuvuka mita kumi hewani. Simu ya kawaida ya video huchelewa mara kadhaa zaidi. Kila mmoja humsubiri mwenzake, na wimbo huzidi kuzorota.

Jibu moja lilikuwa limeshatoka Marekani mwaka 2005, Justin Frankel na wenzake walipotoa programu ya NINJAM. Badala ya kupigana na ucheleweshaji, waliuongeza makusudi: unachosikia ni kile wenzako walichopiga mzunguko uliopita. Kwa bluzi mzunguko hupangwa kuwa mipigo 48, yaani vipimo 12 vya mipigo minne, na kodi hukutana mahali pake. Benga ya Wakamba, inayojengwa juu ya mzunguko mfupi unaojirudia, ingekaa vizuri zaidi humo.

Njia nyepesi ni kutumiana faili, moja kwa moja au kupitia programu za bure kama BandLab. Nayo ina adabu zake. Kwanza, magitaa yote yalinganishwe kwa kipimo kimoja, kwa kuwa anayelinganisha nyuzi kwa kufuata koo la mwimbaji wake hatapatana na aliyeko mbali. Pili, mpigo uhesabiwe mwanzoni na kasi itajwe. Tatu, vipokea sauti viwe vya waya. Visivyo na waya huchelewesha sauti, na spika ikiwa wazi, gitaa la mwenzako litaingia kwenye rekodi yako. Nne, faili litumwe kama hati, maana ujumbe wa sauti hubanwa na noti za juu huliwa, na hizo ndizo roho ya gitaa la pili. Tano, subiri utulivu. Mvua kwenye mabati ni baraka Kitui, lakini haifai kwa rekodi.

Kuna kinachopotea. Kwenye baa au harusi, urefu wa sehemu ya magitaa huamuliwa na wanaocheza. Wakikolea, mpiga gitaa hathubutu kuacha. Faili lina mwisho wake hata kabla ya msikilizaji wa kwanza. Wapiga gitaa wa ridhaa wanaotumiana vipande wana muda na uhuru, ila hawana jasho la watu mbele yao. Kwa hiyo anayetaka kukua hana budi kutoka nje pia.

Jina la mpigaji

Kinachoweza kuwa bora kuliko zamani ni kumbukumbu. Lebo ya santuri ya miaka ya 1970 ilibeba jina la bendi na la mtunzi. Mpiga gitaa la pili, aliyeupa muziki wa Wakamba sura yake, mara nyingi hakuandikwa popote. Watafiti wa Ketebul Music wa Nairobi, waliochapisha “Shades of Benga” mwaka 2017, walilazimika kuwatafuta wazee na kuwauliza yale ambayo karatasi ndogo ya duara ingeweza kuyahifadhi.

Wanaoshirikiana kwa simu wanaweza kurudia kosa hilo au kuliepuka. Kipande kikipita kwa watu wanne ndani ya wiki moja, ni rahisi wimbo kupandishwa mtandaoni kwa jina la aliyeuchanganya mwisho. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inatambua kazi iliyotungwa na watu kwa pamoja, na haki za waliopiga. Lakini sheria humsaidia mwenye ushahidi: jina la kila mpigaji kwenye jina la faili, tarehe, na ujumbe mmoja wa makubaliano kabla ya wimbo kutoka. Hayo hayagharimu bando hata kidogo.

Kitui na Makueni zilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili katika sensa ya 2019, na wengine wengi wa asili yake wako Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Wanaocheza gitaa kati yao wataendelea kukutana kwenye mizunguko ya kodi tatu kabla ya kukutana ana kwa ana. Wazazi wao walifanya hivyo na Mwenda, kisha na Kakai, na hakuna kati ya hao wawili aliyejua nani alikuwa akimjibu. Kizazi hiki kinaweza kujibiwa, na kinaweza kumtaja kwa jina aliyejibu. Ajaye miaka 50 baadaye kuandika historia ya gitaa la Ukambani asilazimike kuuliza tena nani alipiga lile la juu.