Wasomi wa Ikulu ya Buganda: Kusoma kwa Kufundishana

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi nchini Uganda, watoto sita wa darasa la kwanza waligawana kitabu kimoja. Aliyejua kusoma aliweka kidole chini ya neno, wenzake wakalitamka pamoja naye. Mwalimu mwenzangu aliona upungufu tu. Mimi nilikumbuka historia yetu. Katika insha hii nitaeleza kwamba kusoma kulienea Buganda kwa wanafunzi kufundishana, hata mwalimu alipokuwa hayupo.

Katika Kiluganda, neno okusoma lina maana mbili: kusoma na kusali. Hii ni kwa sababu herufi ziliingia pamoja na dini. Waislamu walitangulia, wafanyabiashara kutoka pwani walifika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika mwaka 1877, na Mapadri Weupe mwaka 1879. Alexander Mackay wa CMS, aliyefika mwaka 1878, alikuwa na mashine ndogo ya kupigia chapa, akachapa karatasi za herufi na silabi. Maandiko ya Kikristo yaliyosomwa hapo mwanzoni hayakuwa ya Kiluganda, bali mengi yalikuwa ya Kiswahili, yaliyotafsiriwa Zanzibar chini ya Askofu Edward Steere. Kwa hiyo sisi tunaosoma Kiswahili leo si wageni katika historia hiyo.

Wengi wa wasomaji hao walikuwa bagalagala, yaani vijana watumishi wa ikulu. Waliishi pamoja na kufanya kazi pamoja, hivyo alichojifunza mmoja mchana kiliweza kuwafikia wenzake usiku. Ushahidi mkubwa ni wa mwaka 1882, Mapadri Weupe walipoondoka Buganda na kuhamia Bukumbi, kusini mwa ziwa. Waliporudi mwaka 1885 hawakukuta kundi limetawanyika, bali limeongezeka. Wanafunzi wenyewe, wakiongozwa na Joseph Mukasa Balikuddembe, walikuwa wameendelea kufundishana.

Umoja huo uliwagharimu. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto Namugongo. Kizito, mdogo wao, alikuwa na umri wa miaka kama 14. Aliyemfundisha na kumbatiza hakuwa padri bali kiongozi wake wa ikulu, Charles Lwanga. Sidai kwamba waliuawa kwa sababu ya kusoma peke yake. Kulikuwa na hofu ya wageni na suala la utii kwa Kabaka. Lakini vijana waliofundishana walikuwa wamepata kiongozi mwingine wa kumsikiliza, na ikulu ililiona hilo.

Njia hii ilikuwa na mipaka. Mwanzoni iliwafaa zaidi wavulana waliokuwa karibu na ikulu, na lengo lake lilikuwa dini, si elimu kwa wote. Elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 1997, na madarasa yakajaa. Mwaka 2007 mtaala mpya ukaanza kuwafundisha watoto wadogo kusoma katika lugha zao.

Kitabu kimoja kwa watoto sita si jambo la kujivunia, na historia isitumiwe kuhalalisha uhaba. Vitabu vinunuliwe. Hata hivyo, siku kila mtoto atakapopata chake, mwalimu asiwatenganishe. Amwache yule mwenye kidole chini ya neno aendelee kumsubiri mwenzake.