Daftari la Siku: Fundisho la Visima vya Olkaria

Msomaji kijana, ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru kwa njia ya Bonde la Ufa, kisha ukapinda na kushika njia ya kusini mwa Ziwa Naivasha, utafika mahali paitwapo Olkaria. Jina hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni udongo mwekundu wa kujipaka. Hapo utaona mvuke mweupe ukipanda angani, na mabomba makubwa yakipita juu ya vilima. Mvuke huo huzungusha mitambo ya kufua umeme, na sehemu kubwa ya taa za Kenya huwashwa kwa nguvu yake. Mgeni apaonapo leo aweza kudhani kuwa mafanikio hayo yalikuja mara moja. La, Olkaria ilianza kwa kushindwa, na kushindwa huko kuliwafaa waliofuata kwa sababu kuliandikwa.

Uchimbaji ulianza mwaka 1956. Visima viwili vilichimbwa, vikaitwa X1 na X2. Cha kwanza kilifika kina cha meta 500 hivi, na cha pili meta 942. Ndani ya kisima cha pili joto lilizidi nyuzi 200 za sentigredi, yaani zaidi ya maradufu ya joto la maji yachemkayo katika sufuria. Hata hivyo visima havikububujisha mvuke wa kufaa kuendesha mtambo, na mwaka 1959 kazi ikaachwa. Fikiri jambo hili: miaka mitatu ya jasho na gharama, na kilichoonekana kwa macho ni mashimo mawili tu.

Je, kazi ile ilipotea bure? Haikupotea. Desturi ya wachimbaji wa visima vya namna hii ni kuandika siku kwa siku: kina kilichofikiwa, aina ya mwamba uliokatwa, joto lililopimwa, maji yaliyotorokea katika nyufa, na saa ambazo mashine ilisimama. Kina na joto la visima vile viwili viliandikwa, na hata leo vyatajwa katika maandishi ya wataalamu. Hesabu hizo zilisema mambo mawili kwa pamoja: joto liko chini, lakini njia ya kulitoa haijapatikana. Atakayesoma maneno hayo hataanza safari yake gizani.

Mwaka 1970 Serikali ya Kenya na Umoja wa Mataifa walianza uchunguzi mpya katika Bonde la Ufa, na Olkaria ikachaguliwa. Uchimbaji ulirejea mwaka 1973. Kisima cha kwanza cha safari hii nacho hakikuwa na joto la kutosha. Cha pili ndicho kilichofaulu. Kufikia mwaka 1976 visima sita vilikuwa vimechimbwa. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kufua umeme, wa pili ukafuata mwaka 1982, na wa tatu mwaka 1985, jumla megawati 45. Tangu kisima cha kwanza kianze kuchimbwa hadi mtambo wa kwanza uzunguke, ilipita miaka 25.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya mfanyi biashara, lakini yamfaa mwanafunzi vilevile, maana wakati wake ndio mali yake. Mwenye duka asiyeandika hujua mwishoni mwa mwaka kwamba fedha hazipo, asijue zilitoka kwa mlango gani. Ndivyo alivyo mtafiti asiyeandika siku zake.

Watu wa zamani walilijua jambo hili. Benjamin Franklin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1706, alitengeneza kitabu kidogo chenye majedwali. Aliandika tabia njema 13 alizotaka kujizoeza, akapiga safu saba kwa siku saba za juma, na kila jioni alitia doa jeusi mahali alipokosea. Alikiri kwamba alijikuta na makosa mengi kuliko alivyodhania. Jedwali halikumtukana wala kumsifu, lilimwonyesha tu.

Katika zama zetu daftari hilo limeingia katika kompyuta, likaitwa lahajedwali. Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akiwaza juu ya hesabu za ubaoni, ambazo namba moja ikibadilika, nyingine nyingi hazina budi kufutwa na kuandikwa upya. Yeye na mwenzake Bob Frankston wakatunga programu ambayo ukibadili namba moja, nyingine zote hujirekebisha zenyewe. Iliitwa VisiCalc, ikaanza kuuzwa mwaka 1979, miaka miwili kabla ya mtambo wa kwanza wa Olkaria kuzunguka.

Nawe waweza kuitumia kazi hiyo. Tuseme umepewa utafiti wa muhula mzima. Fungua lahajedwali, au kama huna kompyuta, piga mistari katika daftari lako. Weka safu tano: tarehe, kazi uliyokusudia, kazi uliyoifanya, dakika ulizotumia, na kilichokuzuia. Kila siku ipewe mstari wake. Baada ya majuma manne jumlisha dakika, kisha soma safu ya tano kutoka juu hadi chini. Huenda ulidhani unafanya kazi saa mbili kila siku, ukakuta ni dakika 50. Huenda ulidhani adui yako ni ugumu wa somo, ukakuta neno moja limerudiwa mara kumi: nilichelewa kuanza.

Lakini shika masharti matatu. La kwanza, andika siku ileile. Anayejaza juma zima siku ya Ijumaa haandiki aliyoyatenda, huandika anayopenda kuyakumbuka. La pili, tofautisha sifuri na nafasi tupu. Sifuri maana yake ni kwamba siku hiyo hukufanya kazi. Nafasi tupu maana yake ni kwamba haijulikani. Mchimbaji ambaye hakupima joto, kisha akaweka namba ya kubahatisha ili ukurasa upendeze, aweza kumfanya mwenzake achimbe mahali pasipofaa kwa gharama kubwa. La tatu, usiliabudu jedwali. Kutia namba katika safu si utafiti, kama vile kuandika bei si kuuza. Mtu aweza kukaa mbele ya kitabu dakika 100 asisome ukurasa mmoja.

Kishawishi kikubwa kitakujia siku mbaya. Utataka kuandika 30 badala ya 0, na hapana mtu atakayekuona. Kompyuta nayo haitakukataza, maana hujumlisha uongo kwa uaminifu uleule inaojumlisha kweli. Lakini mwisho wa muhula utakapotaka kujua kwa nini kazi yako haikuendelea, utamwuliza nani? Shahidi wako pekee utakuwa umemhonga wewe mwenyewe.

Kwa hiyo, msomaji, siku ambayo kazi yako itakataa, kumbuka kisima X2. Hakikutoa mvuke wa kuendesha mtambo, lakini kina chake na joto lake viliandikwa kama vilivyokuwa. Nawe andika sifuri yako kwa mkono wako, andika na sababu yake, kisha kesho asubuhi anza mstari mpya.