Kwa nini mipangilio ya mtandao hutoweka tarakilishi inapowashwa upya

UMEME hukatika, hurudi, tarakilishi zikawashwa upya, lakini intaneti hairudi. Kwa mwenye saiba mjini Meru au Embu, tukio hilo likiangukia Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za ushuru kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), hasara yake si haba. Foleni iko mlangoni, na atakayetozwa faini isiyopungua Sh2,000 kwa kuchelewa ni mteja, si mwenye mashine.

Kando ya Embu, katika Mto Tana, kuna mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambayo huzalisha sehemu kubwa ya umeme wa maji nchini. Hata hivyo, ujirani huo haumkingi mtu na giza, kama ilivyodhihirika Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea katika sehemu kubwa ya nchi.

Linaloshangaza wengi ni kwamba mtambo huo huo ulikuwa ukifanya kazi barabara dakika chache kabla. Fundi alikuja juma lililopita, akarekebisha anwani, akajaribu, ikafaulu, akalipwa, akaenda zake. Je, kazi yake ilipotelea wapi?

Kumbukumbu mbili

Tarakilishi ina kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika mara umeme unapokatika, na ya kudumu, yaani diski, ambako faili hubaki hata mashine ikizimwa mwaka mzima. Mipangilio inayotumika wakati mashine inaendeshwa hukaa katika kumbukumbu ya muda. Mashine inapowashwa, husoma faili zilizo katika diski na kujipanga kama zinavyoagiza. Lisiloandikwa humo, mashine hailijui. Ndiyo maana ya kauli ya wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika Linux, amri ya "ip", au ile kongwe ya "ifconfig", hubadilisha anwani papo hapo bila kuandika chochote katika diski. Ili mabadiliko yadumu, sharti yaandikwe katika faili. Kwa miaka mingi faili hiyo ilikuwa /etc/network/interfaces, lakini tangu 2017 Ubuntu ilihamia Netplan, ambayo faili zake zimo katika /etc/netplan. Fundi anayehariri faili ya kale katika Ubuntu ya sasa kwa kawaida haoni matokeo yoyote.

Katika Windows, njia ya mtandao iliyoongezwa kwa amri ya "route add" hufutika mashine ikizimwa, isipokuwa iwe imeambatanishwa na alama "-p". Ruta nyingi za Cisco nazo hutunza nakala mbili: inayotumika na ya kuanzia. Fundi asipotoa amri ya "copy running-config startup-config", ruta huamka na mambo ya zamani.

Yanapofutwa na programu nyingine

Huenda fundi aliandika sawasawa, ila programu nyingine ikafuta. Faili ya /etc/resolv.conf, inayotaja seva za majina, mara nyingi huandikwa upya na programu inayosimamia mtandao, kulingana na maelezo iliyopokea kutoka kwa ruta.

Katika saiba na maabara za shule hutumika pia programu kama Deep Freeze, ambayo hurejesha mashine katika hali yake ya awali kila inapowashwa. Ni kinga nzuri dhidi ya virusi, lakini fundi asipoizima kwanza, anatwanga maji kinuni.

Tusisahau betri ndogo ya duara ya volti 3 iliyo katika ubao mkuu. Inapokwisha, saa ya mashine hurudi nyuma miaka mingi. Tovuti salama hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake huonekana havijaanza kutumika, na mtumiaji hudhani intaneti imekatika.

La kufanya

Umeme ukirudi, washa ruta kwanza, ungoje itulie, ndipo uwashe tarakilishi. Tazama saa na tarehe, kisha anwani. Ikianza kwa 169.254, mashine imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa kugawiwa; chunguza waya na ruta kabla ya kulaumu diski.

Printa au seva inayohitaji anwani isiyobadilika ni afadhali itengewe anwani hiyo katika ruta. Weka daftari lenye anwani, lango la mtandao na seva za majina za kila mashine. Kifaa cha UPS kitakupa muda wa kuzima kwa utaratibu, ila hakiokoi mipangilio ambayo haikuhifadhiwa.

Zaidi ya yote, kabla ya kumlipa fundi, mwambie azime mashine na ruta, aziwashe tena, kisha afungue tovuti mbele yako. Akikataa jaribio hilo, kazi haijaisha.