Wajukuu Katika Chumba cha Hati: Habari ya Maktaba za Berkeley

Aghalabu maktaba ya chuo kikuu ikitaka kuadhimisha utamaduni wa wenyeji wa nchi hutundika picha ukutani, hupanga vikapu katika kabati la kioo, na jioni hualika wacheza ngoma. Hayo si mabaya. Lakini katika Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley, Marekani, kulianzishwa jambo lililo zito zaidi, na kwa kuwa lahusu kazi yetu sisi tunaoshughulika na lugha, yafaa historia yake ielezwe.

Kabla ya kuja kwa Wazungu, California ilikuwa na lugha zinazokadiriwa kuwa kati ya 80 na 100, nyingi zisizo na udugu baina yao. Tangu Alfred Kroeber alipofika Berkeley mwaka 1901, wataalamu walikwenda vijijini wakaandika maneno, hadithi na nyimbo, na nyingine wakazinasa katika silinda za nta. Mwaka 1953 Mary Haas na Murray Emeneau wakaanzisha idara maalumu ya uchunguzi wa lugha hizo, na wanafunzi wao wakaijaza madaftari. Kazi ilikuwa njema, walakini ilikuwa na dhana ndani yake: lugha hizi zinakufa, na wajibu wa mtaalamu ni kuokota kilichosalia kabla jua halijachwa. Kwa hiyo kilichookotwa kiliandikwa kwa ajili ya wataalamu wenzao. Kwamba siku moja mjukuu wa mzee aliyeulizwa maswali angebisha hodi akitaka kusoma, hilo halikufikiriwa.

Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1925, Kroeber aliwahesabu watu wa pwani iliyo kusini ya San Francisco kama waliokwisha kutoweka, kwa jinsi ya kusema. Wakati huo bibi mmoja wa kabila la Wamutsun, Ascensión Solórsano, alikuwa hai, na lugha ya wazee wake ilikuwa kinywani mwake. John Peabody Harrington alikaa naye mwaka 1929, akaandika hata alipokuwa mgonjwa kitandani, mpaka alipofariki Januari 1930. Baada yake hakusalia mwingine aliyeisema Kimutsun kwa ufasaha.

Harrington alifariki mwaka 1961, akaacha karatasi zinazokisiwa kufika milioni moja. Zilikusanywa Washington, na tangu miaka ya 1980 nakala zake za filamu zikaenea katika maktaba nyingine. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilipata kuzitazama, na nakiri kuwa siku ya kwanza sikuambulia kitu. Kihispania kimechanganyika na Kiingereza, mwandiko ni wa haraka, na alama zake za sauti hubadilika mwaka hata mwaka. Nami nilikuwa mtu aliyefundishwa alama hizo! Basi mjukuu asiyefundishwa, ukimfungulia mlango wa chumba cha hati ukamwacha hapo, umempa nini?

Swali hilo ndilo lililojibiwa Berkeley. Mwaka 1992 wenyeji wenyewe waliunda chama cha kuzitetea lugha zao. Kwa msaada wa Leanne Hinton, mwalimu wa elimu ya lugha, kuanzia mwaka 1996 chuo kikawa kikiwapokea watu wa makabila mbalimbali kwa juma zima, kila baada ya miaka miwili, katika mkutano ulioitwa Pumzi ya Uhai. Wengi wao walitoka katika makabila ambayo lugha zao hazikuwa na msemaji hata mmoja. Walifundishwa namna sauti zinavyotamkwa, alama zinavyosomwa, na sarufi inavyofumbuliwa kutoka katika sentensi zilizotawanyika. Kisha waliingia katika maktaba na hifadhi za chuo kutafuta karatasi za watu wao, kila kundi likiwa na mtaalamu pembeni. Siku ya mwisho kila mmoja alisimama mbele ya wenzake akatoa alichokipata: dua, wimbo, mazungumzo mafupi, au hadithi ya mtoto. Sherehe ilikuwapo, ila ilitanguliwa na kazi, na aliyesimama alisema maneno aliyoyasoma mwenyewe. Mwaka 2011 mfano huo ulifuatwa Washington kwa makabila ya sehemu nyingine za nchi.

Wamutsun ni ushahidi mwema. Padre Felipe Arroyo de la Cuesta, aliyefika katika misheni ya San Juan Bautista mwaka 1808, aliandika sarufi na maelfu ya sentensi zao, na kazi yake ikachapishwa New York miaka ya 1861 na 1862. Lakini aliandika kwa herufi za Kihispania, na urefu wa sauti hakuupambanua sawasawa. Harrington aliupambanua. Kwa hiyo neno la padre halisomeki kwa yakini mpaka lilinganishwe na neno la Bibi Solórsano, miaka mia moja na zaidi baadaye. Kazi hiyo ya kulinganisha ilifanywa na Quirina Geary, aliye wa kabila hilo, pamoja na wataalamu Natasha Warner na Lynnika Butler, na kamusi yao ilitoka mwaka 2016. Katika jalada jina la mwenyeji limo miongoni mwa watunzi. Katika madaftari ya zamani aliitwa mtoa habari.

Msomaji wa hati zetu za kale ataitambua taabu hiyo. Mwandishi wa pwani aliandika herufi moja ya Kiarabu pahali pa b, p na mb, akamwachia msomaji achague, na msomaji wa siku zake hakukosea kwa sababu lugha ilikuwa yake. Hati za Kiswahili zilizokusanywa na John Allen kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, ambazo orodha yake ilichapishwa mwaka 1970, nyingi zilitoka katika nyumba za watu. Wajukuu wa nyumba hizo wakija leo, wengi wataishika karatasi ya babu yao wasiweze kuisoma, ingawa lugha yake wanaisema kila siku. Sisi hatuhitaji kuifufua lugha kama Wamutsun. Tunahitaji meza, mwalimu wa hati, na juma moja la mwaka ambalo chumba kile kitakuwa chao.