Mzinga na Waliouvuta

Mafundi wa mandhari ndogo za vita, zile diorama zinazojengwa juu ya ubao kwa plastiki, gundi na rangi, wana mapenzi ya muda mrefu na jangwa. Tangu kampuni ya Tamiya ya Japani ianze kutoa askari wake wa kipimo cha 1/35 mwaka 1968, vita vya Libya na Misri vya 1940 hadi 1943 vimejengwa na kujengwa tena mezani. Sababu moja ni wepesi: mwaga mchanga, weka kifaru, simamisha askari watatu wenye miwani ya vumbi, kazi imekwisha. Nyumba ikiwekwa huwa gofu la udongo la kujaza nafasi. Raia akiwekwa huwa mzee na ngamia wake, kasimama pembeni anatazama. Hoja ya makala hii ni kwamba raia na nyumba yake si pambo la mandhari ya vita, bali ndiyo maelezo yake. Ushahidi wa hoja hiyo haupo Tobruk ya Libya tu. Upo Mwanza na mwambao wote wa Ziwa Victoria, ambako vita viwili vya karne ya 20 vinaonyesha wazi kwamba ukimwondoa raia, hata silaha yenyewe haielezeki.

Tuanze na mzinga wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa na mabaharia wake katika delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa, ikaundiwa magurudumu Dar es Salaam na kutawanywa katika koloni. Mmoja ulifikishwa Mwanza kulinda bandari dhidi ya meli za Waingereza zilizokuwa zikitoka Kisumu. Fundi wa mandhari ndogo hapati kitu kitamu zaidi ya hiki: mzinga wa manowari katikati ya miamba ya Mwanza, mbali kabisa na bahari. Lakini ulifikaje? Reli ya Kati ilipita Tabora ikaelekea Kigoma. Tawi la kuja Mwanza lilifika 1928, miaka 12 baada ya Wajerumani kuondoka. Kati ya Tabora na ziwa zipo zaidi ya kilomita 300 za njia za miguu na mbuga ambazo masika huzigeuza tope. Pasipokuwa na reli, mizinga ya Königsberg ilikokotwa kwa kamba na watu kwa mamia, na risasi zake zilisafiri vichwani na mabegani. Mandhari inayoonyesha mzinga huo na Wajerumani watano waliovaa kofia za jua inaonyesha matokeo na kuficha sababu.

Upande wa Waingereza hesabu ni ileile. Kwa vita vya Afrika Mashariki waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, na zaidi ya 95,000 wakafa, wengi wao kwa kuhara, homa na utapiamlo kuliko kwa risasi. Hata shabaha za kijeshi ziwani zilikuwa mali za raia. Juni 1916 Waingereza waliteka kisiwa cha Ukerewe, na moja ya sababu ilikuwa mpunga, kwa kuwa mashamba ya kisiwa hicho yalikuwa yakiwalisha askari wa Mjerumani. Tarehe 14 Julai, Mwanza nayo ikaingia mikononi mwa kikosi cha Jenerali Charles Crewe. Mwaka mmoja nyuma, Juni 1915, Bukoba ilikuwa imevamiwa kwa ajili ya mlingoti wa simu ya upepo. Mlingoti ukaangushwa, lakini kabla ya kurudi melini askari walipora maduka na nyumba. Atakayeijenga Bukoba ya siku ile kwa uaminifu itampasa aweke mlango wa duka uliovunjwa na askari aliyekumbatia nguo zisizo zake, kwa sababu hayo nayo ni sehemu ya shambulio kama ulivyo mlingoti.

Vita vya Kagera vinatoa ushahidi wa karibu zaidi, na ndani yake jangwa lenyewe linafika ziwani. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kilichoamua mwendo wa wiki zilizofuata kilikuwa jengo la kiraia: daraja la Kyaka, ambalo Waganda walililipua ili mto Kagera uwe ngome yao, hata wahandisi wa jeshi la Tanzania, JWTZ, wakalazimika kutandika daraja la muda kabla jeshi halijavuka. Kisha Machi 1979 Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ilituma ndege ya mabomu aina ya Tupolev Tu-22 kupiga ghala la mafuta la Mwanza. Ikakosa shabaha. Silaha zake ziliangukia kisiwa cha Saanane, ambacho tangu 1964 kilikuwa bustani ya wanyama, zikaua swala. Mjenzi wa kawaida ataijenga Tu-22 imeegeshwa kwenye uwanja wa Libya, mchanga pembeni, marubani wakipanda ngazi. Atapatia kila ribiti ya bawa, na kuhusu tukio lenyewe hatakuwa amesema neno. Tukio liko huku chini: kisiwa kidogo cha mawe mbele ya Capri Point, mabanda ya wanyama na watunzaji wao, mitumbwi inayopita, mji ng'ambo ya maji, na kumbukumbu ya Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wa kisiwa kabla hakijageuzwa hifadhi. Ukubwa wa ndege ile hupimwa kwa udogo wa kilichopigwa.

Hata hivyo kumbukumbu zetu zimezoea kuvitenga vitu hivi viwili, vita na nyumba ya raia. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliyeinuliwa juu ya msingi na bunduki yake ni askari peke yake. Mchongaji huyohuyo, James Alexander Stevenson, aliifanyia Nairobi sanamu ya watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Basi kumwonyesha raia wa vita kulikuwa jambo linalowezekana, na kumwacha kulikuwa uamuzi. Kwa upande mwingine ipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, iliyotokana na juhudi za Padre David Clement kutoka Kanada. Hapo utaona nyumba ya mtemi, ya mfua chuma na ya mganga, ngoma na viti vya enzi: maisha ya raia kwa ukamilifu wake. Dar es Salaam kuna vita bila nyumba, Bujora kuna nyumba bila vita. Mgeni akitoka huku na huku anaweza kudhani kwamba mambo hayo yalitokea katika nchi mbili tofauti, ilhali ni wana wa nyumba za aina hiyohiyo waliobeba mizigo.

Wapo watakaosema kwamba mandhari ya kijeshi ni ya kijeshi: mtazamaji amekuja kuona kifaru, na kila raia unayemwongeza humpunguzia umakini. Historia ya fani yenyewe inawajibu. Kapteni William Siborne, aliyeonyesha London mwaka 1838 mfano wa vita vya Waterloo wenye makumi ya maelfu ya sanamu za madini ya risasi, aliishi miezi minane kwenye shamba la La Haye Sainte akipima ardhi, na akawaandikia maofisa kuwauliza hata ni mazao gani yalikuwa yamesimama walipopigania. Alijua kwamba ua wa mkulima na urefu wa nafaka viliamua nani alionekana na nani alijificha. Tena ni yeye aliyekuja kuziondoa maelfu ya sanamu za Waprusi, baada ya ubishi juu ya nani hasa aliyeleta ushindi. Anayedhani kuondoa sanamu mezani ni suala la umaridadi tu aukumbuke mfano huo.

Pingamizi zito zaidi ni jingine: kwamba raia wa plastiki huishia kuwa kichekesho au kilio. Mzee na ngamia, mama na mtungi, mtoto anayelia mbele ya gofu, wote ni vitu vya kununua katika pakiti na kubandika. Hofu hiyo ina haki, na ndiyo maana kumweka raia tu hakutoshi. Kipimo kiwe kazi. Mtu akiondolewa kwenye ubao, je, mandhari inaanguka? Mzee wa ngamia akiondoka hakuna kinachobadilika. Wavuta kamba wakiondoka, mzinga hauna jinsi ya kufika Mwanza. Mkulima wa Ukerewe akiondoka, askari hana wali na Waingereza wana sababu pungufu ya kuteka kisiwa. Wala haitoshi kujitetea kwamba hatujui nyumba zilivyokuwa. Msonge wa Kisukuma, kihenge cha nafaka na karakana ya mfua chuma vinaweza kupimwa Bujora hata leo, na boma za Kijerumani bado zimesimama katika miji ya ziwa.

Kwa hiyo atakayeijenga Mwanza ya 1916 aanze na njia ya Tabora: kamba ndefu, watu wengi wenye mabega wazi, tope, kihenge kilichofunguliwa ili msafara ule, na mwenye kihenge amesimama mlangoni mwa msonge wake akihesabu kinachotoka. Mzinga uje mwisho, na usichukue zaidi ya robo ya ubao. Kipimo hichohicho kinalifaa jangwa, kwa maana Benghazi na Tobruk zilikuwa na wenyeji, visima na masoko, na katika majeshi ya Mwingereza ya Mashariki ya Kati walikuwamo pia Waafrika Mashariki wa vikosi vya kazi. Mchanga mtupu juu ya ubao ni uamuzi wa fundi, na kwa uamuzi huo anastahili kuulizwa.