Shaba ya Pearl Street

Saa tisa alasiri, tarehe 4 Septemba 1882, taa za Thomas Edison ziliwaka kusini mwa Manhattan, New York. Mitambo ya mvuke ya kituo chake cha Pearl Street ilipeleka umeme wa mkondo mnyoofu, volti 110, kupitia shaba nene iliyofukiwa barabarani ndani ya mabomba ya chuma. Ilikuwa kazi ya kuheshimiwa, ila ilikuwa na mpaka: ukipita maili moja hivi, taa zilififia. Volti zikiwa chache mkondo hauna budi kuwa mkubwa, nao ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopotelea kwenye joto la waya huongezeka mara nne. Dawa pekee ilikuwa shaba nene zaidi, na shaba ilikuwa ghali.

Tarehe 20 Machi 1886, mhandisi William Stanley, aliyekwenda Great Barrington, Massachusetts, kutafuta afya, aliwasha maduka ya mji huo kwa mkondo geu, ule unaobadili mwelekeo kila mara. Nyaya zake zilitundikwa mitini, zikabeba volti 500, na transfoma zilizowekwa chini ya majengo zikazishusha hadi 100. Transfoma yenyewe ni chuma na koili mbili za waya, basi, hakuna kinachozunguka. Mkondo geu ukipita koili ya kwanza, usumaku hupanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ndiko huzalisha umeme katika koili ya pili. Mkondo mnyoofu huuacha usumaku umetulia, na koili ya pili haipati kitu. Naamini Edison alishindwa hapo, si penginepo.

Kelele hazikukosekana. Mwaka 1888 mbwa waliuawa hadharani New York ili watu waogope mkondo geu, na tarehe 6 Agosti 1890 mfungwa aliyehukumiwa kifo, William Kemmler, akauawa nao katika gereza la Auburn. Ukatili ule haukupunguza hata ratili moja ya shaba.

Mwaka 1891, nchini Ujerumani, umeme wa maji ya mto Neckar ulisafirishwa kwa mkondo geu wa volti nyingi kutoka Lauffen hadi Frankfurt, kilomita 175, kwa waya wa unene wa milimita 4 tu. Zaidi ya nusu ya nguvu ilifika salama. Kwenye maonyesho ya umeme huko Frankfurt, nguvu hiyo iliwasha taa 1,000 na kusukuma maji juu, yakaporomoka mbele ya wageni. Novemba 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo, Marekani.

Hata hivyo, New York iliendelea kuwahudumia kwa mkondo mnyoofu wenye lifti na mota za zamani. Waya wa mwisho wa mkondo mnyoofu ulikatwa Manhattan tarehe 14 Novemba 2007.