Kuhamisha duka bila kupoteza wateja: mfano wa Kirumba

Mwenye nyumba amepandisha kodi, jengo limeuzwa, au barabara inapanuliwa: sababu za duka kuhama ni nyingi. Wengi wetu huwaza kwanza kirikuu cha kubebea mizigo na fundi wa kufunga shelfu. Lakini mizigo kwa kawaida hufika. Wateja ndio wanaopotea njiani, pamoja na fedha walizokopa.

Tunaichukua Kirumba, katika Manispaa ya Ilemela, kuwa mfano. Mwalo wake hupokea dagaa na samaki wakavu kutoka visiwani, na walioleta mzigo hurudi na unga, mafuta, sabuni na betri. Mteja wa namna hii hapiti dukani kila siku. Akikuta mlango umefungwa huku mashua inamsubiri, atanunua kwa jirani, na safari ijayo huenda akarudi huko huko.

Chagua siku za kuhama

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, mzigo hupungua mwaloni na biashara hupoa. Hizo ndizo siku nzuri za kuhamisha duka linalotegemea wavuvi. Kwingine nako kuna siku za kupoa: karibu na shule ni wakati wa likizo, na vijijini ni ile miezi ya kabla ya mavuno. Ukilazimika kuhama wakati wa mvua, tafuta turubai mapema, kwa sababu sukari na unga vikilowa ni hasara.

Kabla ya kulipia fremu mpya

Kaa karibu na fremu hiyo asubuhi, mchana na jioni, uhesabu wanaopita na wanaosimama kununua. Njia za watu hubadilika. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, magari yanavuka bila kusubiri kivuko, na aliyekuwa akiuza kwa abiria waliokaa foleni analazimika kuangalia upya mahali pa kuuzia. Kodi ndogo mahali pasipopita mtu bado ni kodi kubwa.

Mkataba uandikwe, uwe na mashahidi, na serikali ya mtaa iutambue. Uliza mita ya LUKU ina deni kiasi gani na nani atabeba kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakusanywa kupitia umeme. Kumbuka pia kwamba mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA. Mkubaliane na mwenye nyumba kabla ya kutaja bei ya mwisho. Ukidaiwa kilemba na mpangaji anayetoka, usitoe fedha kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba mwenyewe.

Leseni, TRA na uwakala

Leseni ya biashara, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1972, huenda na mahali pa biashara. Kwa hiyo pita kwa ofisa biashara kabla ya kuhama. Ukitoka Kirumba kwenda Buswelu, bado uko Ilemela. Ukienda Buhongwa, umeingia Jiji la Mwanza, na halmashauri ni nyingine.

TIN yako haibadiliki, lakini TRA wajulishe anwani mpya. Kama una mashine ya risiti za kielektroniki, nayo irekebishwe ili risiti zisiendelee kutaja duka la zamani. Mwenye uwakala wa fedha za simu naye amjulishe msimamizi wake. Namba ya simu na lipa namba zibaki zile zile, kwani hizo ndizo anwani ambazo mteja tayari anazo.

Wateja na daftari la madeni

Anza kutangaza wiki tatu au nne kabla. Mwambie kila anayenunua, chukua namba yake, kisha siku chache kabla ya kuhama mtumie ujumbe mfupi unaotaja alama inayojulikana: msikiti, shule, kituo cha daladala. Kwa wa visiwani, waambie pia manahodha na wapagazi wa mwaloni.

Pitia daftari la madeni na kila mdaiwa mkubaliane kiasi kilichobaki na siku ya kulipa. Nawe maliza, au panga upya, madeni yako kwa wauzaji wa jumla. Duka likifungwa kimya kimya, watu husema mwenyewe amekimbia, na jina likishaharibika ni vigumu kukopeshwa tena mzigo.

Siku yenyewe

Hesabu mali yote na uiandike kabla ya kupakia, kisha ihesabu tena inaposhushwa. Andika kila boksi kilichomo. Unga na sukari visipakiwe pamoja na sabuni au mafuta ya taa. Friji lisafirishwe limesimama, na liachwe litulie kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Mizani ijaribiwe kwa jiwe unalolijua uzito. Ikiyumba, waone Wakala wa Vipimo kabla ya kumpimia mtu.

Ukiweza, lipia duka la zamani wiki mbili zaidi na umwache mtu mmoja na bidhaa chache zinazotoka haraka. Kazi yake kubwa ni kuwaelekeza watu. Ukishindwa, omba ruhusa ya kubandika bango lenye namba yako ya simu, na umwombe jirani akuelekezee wateja.

Baada ya mwezi mmoja, fungua orodha yako ya namba na uweke alama kwa kila aliyefika duka jipya. Waliobaki wapigie simu mmoja mmoja. Huenda wengine hawajakuhama. Hawajui tu ulipo.